Kurekodi Gitaa la Dansi Nyumbani: Mwongozo Kamili kutoka kwa Mpiga Ridhimu

Nilikuwa mpiga ridhimu. Miaka kumi na kitu nilisimama pembeni ya jukwaa, nyuma ya bega la mpiga solo, nikichapa mzunguko uleule hadi karibu na alfajiri, na sikumbuki shabiki aliyewahi kupanda kuja kunituza mimi. Noti zilibandikwa kwenye paji la uso la mwimbaji, zilizobaki akapewa wa solo. Sinung'uniki. Nalitaja mapema kwa sababu kila ushauri ulio hapa chini umetoka kwenye kiti hicho, na aliyekalia kiti kingine angekuandikia mwongozo mwingine.

Bendi ilishavunjika. Siku hizi nina laptopu, magitaa mawili na chumba kimoja Mwananyamala, Dar es Salaam, na humo ndani mimi ndiye bendi nzima: ridhimu, besi, solo ya pili na solo, moja baada ya nyingine. Nimejifunza kwa kupoteza pesa. Kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa pedali ya distosheni, ile ya kukwaruza sauti, hata kabla ya saundi kadi, kifaa kinachoingiza sauti ya gitaa kwenye laptopu, kwa sababu video niliyoitazama ilikuwa ya Mmarekani anayepiga roki. Pedali nzuri kweli. Kwa muziki wangu nimeiwasha labda mara mbili.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzii dukani.

Hatua ya 1: Jua kiti chako

Vijana hunijia na swali moja: "Mzee, ninunue gitaa gani?" Nami huwauliza: ukifumba macho, gitaa unalolisikia kichwani ni la nani, na alikuwa anafanya kazi gani ndani ya wimbo? Asiyeweza kujibu hayuko tayari kutoa pesa mfukoni.

Chukua mtu aliyelelewa na gitaa kavu la vidole. Baba wa mtindo huo kwetu sisi tunaosema Kiswahili ni Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alimrekodi Mwenda kule Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo. Mtu mmoja, gitaa moja. Dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene kama mpiga besi, kidole cha shahada kinaimba kwenye nyuzi nyembamba, na ukisikiliza bila kuambiwa unaweza kuapa wako wawili. Kama hicho ndicho kilichomo kichwani mwako, orodha yako ya manunuzi ni fupi: gitaa kavu zuri, maiki moja, chumba kimya. Ruka nusu ya mwongozo huu, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya chumba.

Mimi nimelelewa na dansi. Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano za Mbaraka Mwinshehe, Msondo, Mlimani Park ya akina Michael Enoch, iliyoanza mwaka 1978. Kazi nyingi za bendi hizi zilirekodiwa kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, wanamuziki wakipiga pamoja kwa wakati mmoja. Hapakuwa na kusema "nitairekebisha baadaye". Mpiga solo akiteleza baada ya dakika tano, wote mnarudi mwanzo. Ndiyo maana magitaa yale yanasikilizana: kila mmoja alijua mwenzake anafanya nini kwa sababu alikuwa akimwona. Ukirekodi peke yako nyumbani, hicho ndicho kitu cha kwanza kupotea, na kazi yako kubwa itakuwa kukirudisha.

Zoezi langu la kwanza halina gharama. Tafuta rekodi yoyote ya Les Wanyika, kundi la Nairobi lililoanzishwa mwaka 1978, wengi wao wakiwa Watanzania. John Ngereza yuko kwenye solo, Omar Shabani aliyeitwa Profesa kwenye ridhimu, Tom Malanga kwenye besi. Sikiliza wimbo mmoja mara tatu. Mara ya kwanza fuata besi peke yake, na uhesabu mahali inaponyamaza. Mara ya pili fuata ridhimu, uimbe kwa mdomo. Mara ya tatu fuata solo, uone inangoja wapi ili mwimbaji amalize neno lake. Ukimaliza utakuwa umeelewa kwamba hakuna gitaa hata moja pale linalojaza nafasi yote, na kwamba sauti zote ni safi, hazikwaruzi. Kwa masikio hayo ndipo uingie dukani.

Aliyelelewa na roki, au na kwaya ya kanisani yenye kinanda kinene, ana sauti nyingine kichwani na vifaa vingine vinamfaa. Simbishii. Hatua ni zilezile, ila majina ya vitu yatabadilika.

Hatua ya 2: Gitaa

Kwa dansi unatafuta sauti safi, inayong'aa, inayokatika haraka. Magitaa ya umbo la Stratocaster au Telecaster yanafanya kazi hiyo, na si lazima yawe ya Fender yenyewe. Squier yanatosha kabisa. Yamaha Pacifica 112 ni chaguo ninalolipendekeza mara nyingi kwa sababu lina pikapu za aina mbili. Nasema pikapu, si gari: ni zile sumaku zilizo chini ya nyuzi. Mbili ni za koili moja, zenye mng'ao, na ya tatu iliyo karibu na daraja ni ya koili mbili, nene na tulivu.

Tofauti hiyo ina maana zaidi nyumbani kuliko jukwaani. Pikapu ya koili moja hudaka mvumo wa umeme wa nyumba, ule wa mizunguko 50 kwa sekunde, na friji na chaja ya simu huongeza chumvi. Ya koili mbili imetengenezwa ili mvumo huo ujifute. Kwenye magitaa mengi ya kisasa yenye pikapu tatu za koili moja, ukiweka swichi kwenye nafasi ya pili au ya nne, pikapu mbili hufanya kazi pamoja na mvumo hupungua sana. Bahati nzuri, nafasi hizo mbili ndizo zenye sauti ninayoipenda kwa ridhimu.

Ukinunua lililotumika, Kariakoo au kwa mtu, usiangalie rangi. Bonyeza uzi mnene kwenye freti, vile vyuma vya shingoni, ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha tazama katikati, karibu na freti ya saba: pawe na mwanya mdogo sana, unene wa karatasi au kadi ya biashara. Mwanya mkubwa maana yake shingo imepinda kama upinde. Hilo linarekebishika kwa kukaza fimbo iliyo ndani ya shingo, lakini lipunguze kwenye bei. Piga kila noti kwenye kila freti. Chomeka jeki, itikise. Zungusha nobu zote usikie kama zinakwaruza. Muuzaji akikosa subira wakati unafanya haya, kamwangalie mwingine.

Hatua ya 3: Liandae kabla ya kulirekodi

Hapa ndipo wengi wanaporuka, halafu wanalaumu saundi kadi. Gitaa lisilo sawa kwenye tyuni husamehewa jukwaani kwa sababu ya makelele. Kwenye hedifoni halisamehewi, na ukirekodi magitaa manne juu ya mengine, kosa dogo la kila moja linajumlishwa na mengine hadi wimbo wote unakuwa mchachu.

Weka nyuzi mpya za saizi ya 10 hadi 46. Saizi ya 9 ni laini kwa kidole, lakini ukichapa ridhimu kwa nguvu zinapanda sauti kila unapozigusa. Nyuzi mpya zivute kwa mkono, tyuni, vuta tena, tyuni tena, mpaka zitulie. Kisha pima freti ya 12: piga uzi mtupu ukigusa tu juu ya freti hiyo upate ile sauti ya kengele, halafu ubonyeze freti hiyohiyo upige. Noti mbili ziwe sawa kwenye tyuna. Ile ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha nyuma kitandiko cha uzi huo kule kwenye daraja ili uzi urefuke kidogo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Rudia kwa nyuzi zote sita. Ni kazi ya nusu saa na bisibisi.

Kwa sisi wa pwani kuna adui mwingine: unyevu na chumvi ya hewa. Nyuzi hushika kutu ndani ya wiki chache na mbao hufura msimu wa mvua. Futa nyuzi kwa kipande cha khanga kavu kila unapomaliza, na gitaa likae kwenye begi pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ambavyo watu huvitupa. Wazee wetu walikuwa wakichemsha nyuzi za besi zikichoka. Si uzushi, maji ya moto hutoa mafuta na uchafu na mng'ao unarudi. Unarudi kwa siku mbili tatu, si zaidi.

Hatua ya 4: Saundi kadi, hedifoni na programu

Usichomeke gitaa kwenye tundu la maiki la laptopu. Tundu lile halikutengenezwa kwa ajili ya pikapu. Sauti itakuja nyembamba, imekufa juu, na kelele nyingi. Unahitaji saundi kadi ya nje yenye mlango wa ala, ulioandikwa INST au wenye picha ya gitaa. Mlango huo una ukinzani mkubwa, kawaida karibu ohomu milioni moja, na ndio unaoiacha pikapu ipumue. Focusrite Scarlett Solo na Behringer UM2 zote zinao. Tofauti ya bei ni kubwa, tofauti ya sauti kwa gitaa safi si kubwa hivyo. Kama pesa haitoshi, chukua ya bei ndogo na inayobaki nunua nyuzi na waya imara.

Kitakachokusumbua zaidi ni uchelewaji: unapiga sasa, unajisikia baadaye kidogo. Kwa mpiga ridhimu huo ni ugonjwa. Kwenye Windows hakikisha umeweka draiva ya ASIO ya kadi yenyewe, programu ndogo inayoiunganisha na kompyuta, halafu punguza bafa, kipande cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukitoa, hadi sampuli 128. Ukirekodi kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, hiyo ni chini kidogo ya milisekunde 3, na safari nzima ya kuingia na kutoka huweza kufika 8 au 10. Sauti hewani husafiri karibu sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo ni kama umesimama mita tatu kutoka kwenye ampu yako, jambo ambalo kila mpiga gitaa wa jukwaani amelizoea. Laptopu ikianza kukwama-kwama, panda hadi 256. Na kama mashine ni ya zamani kabisa, bonyeza kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Utasikia gitaa kavu bila efekti, lakini bila uchelewaji wowote.

Hedifoni ziwe za waya na za kufunika sikio. Zile za bluetooth zinafaa kusikilizia muziki kwenye daladala; zinachelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100, na hakuna binadamu anayeweza kuchapa ridhimu namna hiyo.

Programu: natumia Reaper. Unaijaribu siku 60, leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60, na inafanya kazi kwenye laptopu dhaifu. Vijana wengi wa bongo fleva wanatumia FL Studio. Kama unayo, angalia kama toleo lako linaruhusu kurekodi sauti. Audacity ni ya bure na inatosha kwa gitaa moja kavu, ila kupanga magitaa manne ndani yake kunachosha.

Ampu ya kweli sina. Natumia ya ndani ya kompyuta. Neural Amp Modeler ni ya bure, na watu wameinakilishia ampu nyingi. Tafuta nakala ya Roland JC-120, ampu iliyotoka mwaka 1975 na inayosifika kwa kutokwaruza hata ukiifungua, au ya Fender Twin Reverb. Zote mbili zinakupa usafi unaotakiwa. Aliye na ampu halisi na jirani mvumilivu anahitaji maiki ya Shure SM57 tu. Iweke sentimita tatu hivi kutoka kwenye kitambaa cha spika. Ikilenga katikati ya koni sauti inakuwa kali. Kila unapoisogeza pembeni inalainika. Isogeze kwa upana wa kidole, rekodi, sikiliza, sogeza tena. Dakika kumi za kusogeza maiki zinaokoa saa nzima ya kuhangaika na ikwalaiza.

Hatua ya 5: Chumba, umeme na Mwananyamala

Uzuri wa kuchomeka gitaa la umeme moja kwa moja ni kwamba halisikii kitu. Bodaboda ipite, jogoo awike, mvua ipige bati, jirani atwange kisamvu: waya haujui. Unaweza kurekodi saa saba mchana.

Unachopaswa kupambana nacho ni mvumo. Fanya hivi kwa mpangilio. Chomoa chaja ya laptopu, tumia betri. Mara nyingi mvumo wote unaondoka hapohapo. Zima taa ya kurekebisha mwanga na toa chaja za simu ukutani. Usikae ukiielekea skrini kwa karibu. Kisha, gitaa likiwa mikononi na nobu ya sauti ikiwa juu, jizungushe taratibu kwenye kiti kama mtu anayetafuta kibla. Kuna upande mmoja ambapo mvumo unashuka sana. Weka alama sakafuni kwa chaki. Mimi nimeiweka miaka miwili sasa na mke wangu ameacha kuifuta.

Gitaa kavu ni habari tofauti, maana maiki inasikia kila kitu. Muda wangu ni kati ya saa nane na saa kumi usiku: baa zimefunga, adhana ya alfajiri bado. Zima feni, utatokwa jasho, vumilia. Kutundika khanga ukutani hakusaidii kama watu wanavyodhani. Kitambaa chepesi kinameza sauti kali za juu tu na kuacha zile za katikati zinazofanya chumba kisikike kama bafu. Simamisha godoro nyuma yako na jingine ubavuni kama unalo. Fungua kabati la nguo. Maiki iwe kama sentimita 30 kutoka kwenye gitaa, ikitazama pale shingo inapoungana na mwili. Ukiielekeza kwenye tundu utapata mngurumo mtupu.

Hatua ya 6: Panga faili kabla ya kupiga

Sampuli 48,000, biti 24. Kila traki moja itakula karibu megabaiti 9 kwa dakika, kwa hiyo hata diski ndogo inabeba nyimbo nyingi. Piga kwa nguvu zako zote huku ukitazama mita: vilele viwe kati ya desibeli -12 na -6. Ukiona nyekundu, punguza geni, nobu ya sauti inayoingia, kwenye kadi, si kwenye programu. Biti 24 hazihitaji ujaze mita; nafasi iliyobaki juu ni yako.

Weka mwendo. Nyimbo za dansi zinaanza kwa utulivu wakati hadithi inasimuliwa, halafu linakuja chemko, sehemu ya kuchangamka. Ukiacha metronomu kwenye namba moja mwanzo hadi mwisho, chemko halichemki. Mimi huweka mapigo 110 kwa dakika sehemu ya kwanza na 114 kwenye chemko. Tofauti ni ndogo, mguu ndio unaoiona. Mwanzoni acha hesabu tupu ya mapigo manane. Utaelewa baadaye kwa nini.

Badala ya metronomu inayolia kama bomba bovu, rekodi kayamba, au chupa yenye punje za mchele, dakika mbili tu, kisha uirudie-rudie. Kupiga juu ya kitu kinachotikisika kama mkono wa mtu kunabadilisha kabisa namna unavyochapa.

Hatua ya 7: Kurekodi, na ridhimu inaanza

Watu wengi huanza na solo kwa sababu ndiyo tamu. Matokeo yake ridhimu inatafutiwa nafasi baadaye, kama mgeni aliyechelewa harusini. Anza na ridhimu. Ndiyo inayobeba nyumba.

Tuseme wimbo uko kwenye C, unazunguka C, F, G. Usipige kodi nzima ya nyuzi sita. Chukua nyuzi tatu au nne nyembamba, karibu na freti ya tano hadi ya nane, na udonoe kwa vipande: uzi mmoja, kisha miwili pamoja, kisha mmoja. Mkono wa kushoto ndio unaofanya kazi ya siri. Kila baada ya noti legeza vidole kidogo, bila kuviondoa, uzi unyamaze. Ule unyamavu mfupi kati ya noti na noti ndio mwanya ambamo besi na ngoma zitaingia. Gitaa linalolia muda wote ni kama mtu anayeongea bila kumeza mate.

Piga wimbo wote, dakika tano au sita, bila kukata. Najua programu inaruhusu kurekodi mzunguko mmoja na kuunakili mara arobaini. Nilifanya hivyo mwaka mzima. Kila kitu kilikaa kwenye mstari na kila wimbo ulikuwa umekufa, na sikujua kwa nini mpaka siku niliyosikiliza kanda yetu ya zamani ya mazoezi nikajisikia mwenyewe nikikaza mkono kila mwimbaji alipokaribia kiitikio. Sikuwahi kujua kwamba nafanya hivyo. Mzunguko ulionakiliwa haujui kiitikio kinakuja. Kwa hiyo imba wimbo kichwani unaporekodi, hata kwa kunong'ona. Ukikosea katikati, endelea. Rekodi mara tatu kamili, kisha chagua iliyo bora na uzibe mashimo kwa vipande vya nyingine.

Besi inafuata. Kama huna gitaa la besi, piga kwenye nyuzi nne nene za gitaa lako, kisha tumia plagini, programu ndogo ya ndani ya programu, ya kushusha sauti kwa nusu-tone 12. Uzi mnene wa gitaa ni mizunguko 82 hivi kwa sekunde; ukishuka oktavi moja unafika 41, palepale uzi mnene wa besi ulipo. Piga kwa nyama ya dole gumba, si kwa piki, na uzime nobu ya toni. Haitamdanganya mpiga besi, lakini ndani ya wimbo inaunguruma vizuri. Kumbuka zoezi la Tom Malanga: hesabu mahali pa kunyamaza.

Solo ya pili ni gitaa la katikati, lile linalosuka kati ya ridhimu na solo. Hatari yake ni kukaa kwenye sauti zilezile za ridhimu na kuifunika. Dawa rahisi ni kapo, kile kibanio cha shingoni. Wimbo ukiwa C, funga kapo freti ya tano na upige maumbo ya G, C na D. Yatatoka C, F na G, lakini juu zaidi na kwa mlio mwingine. Wakongo wana dawa yao, wanaiita mi-composé: uzi wa nne unatolewa na kuwekwa mwembamba unaolia oktavi moja juu. Ukiwa na gitaa la pili la bei ndogo, ligeuze liwe la kazi hiyo tu. Langu lilikuwa limetupwa na mtoto wa dada yangu.

Solo mwisho, na iwe baada ya sauti ya mwimbaji kurekodiwa, hata kama ni ya majaribio. Solo ya dansi haitangulii, inajibu. Mwimbaji akisema, wewe kimya. Akivuta pumzi, ingia na noti mbili mbili pamoja, ya juu ikiwa mi, ya chini iwe do, na uteremke nazo zikiwa zimeshikana. Chemko likifika ndipo ulikung'ute utakavyo.

Hatua ya 8: Miksi

Sitakaa sana hapa, maana magitaa yakipigwa yakiachiana nafasi, miksi ni kazi ya jioni moja. Ridhimu isogeze kushoto kama asilimia 40, solo ya pili kulia kiasi hichohicho, besi na mwimbaji katikati, solo kulia kidogo tu. Kata kila kitu chini ya mizunguko 100 kwenye magitaa yote isipokuwa besi. Kwenye ridhimu mimi hufika 150 bila huruma. Ikisikika nyembamba peke yake, usiogope, hutaisikiliza peke yake.

Kompresa, inayobana sauti zinazoruka juu, iwekwe kwenye ridhimu, uwiano wa 3 kwa 1 au 4 kwa 1, ikigusa vilele tu. Mwangwi uwe mmoja, mfupi, na magitaa yote yapelekwe humo humo kwa viwango tofauti. Wakigawana chumba kimoja wanaanza kusikika kama watu waliosimama pamoja, na hapo ndipo ule umoja wa kurekodi kwa pamoja unaporudi kidogo.

Halafu bonyeza kitufe cha mono, kinachounganisha kushoto na kulia kuwa sauti moja. Wasikilizaji wako wengi watausikia wimbo kwenye spika moja ya simu au redio ya kinyozi. Gitaa likipotea ukibonyeza mono, maana yake lilikuwa limejificha pembeni, halikuwa na nafasi yake. Rudi ulipandishe mlio au ulishushe, usiongeze sauti. Kiwango cha mwisho kikiwa karibu na LUFS -14, kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo, Spotify na YouTube hazitakushusha sana.

Hatua ya 9: Kumtumia mwenzako

Siku moja utachoka na besi ya kubandika, na rafiki yako wa zamani yuko Mombasa au Muscat na besi ya kweli. Mtumie ridhimu na kayamba tu, kila traki kama faili ya WAV inayoanzia sekunde ya kwanza kabisa ya wimbo, hata kama gitaa linaingia dakika ya pili. Muandikie mwendo na mahali unapobadilika. Naye akurudishie faili inayoanzia hapo hapo, na mapigo yale manane matupu ndiyo yatakayowakutanisha: mwambie apige uzi mara moja kwenye pigo la kwanza, uone kama umeangukia juu ya pigo lako la kwanza.

Kwenye WhatsApp itume kama dokumenti. Ukiituma kama sauti itabanwa, na besi itakufikia imekondeana. Na usimpelekee solo. Akiisikia solo ataanza kuifuata, nami nataka amfuate mpiga ridhimu.